Somo: Gitaa la Kwaya Linavuma. Tununue Pikapu Gani?

Ndugu msomaji, somo la leo limetokana na swali lililoulizwa katika kisomo chetu hapa Gungu.

Kwaya moja ya hapa ina magitaa matatu ya umeme: la solo, la rithimu na la besi. Kila siku ya ibada, kabla ya wimbo kuanza, watu husikia kwanza mvumo: mmmmm. Watu wakinyamaza ili waombe, mvumo haunyamazi. Kwaya ilipokwenda kurekodi nyimbo zake, mvumo nao uliingia katika kila wimbo kama mwanakwaya asiyealikwa.

Kijana mmoja akasoma kwenye simu kwamba ziko pikapu zinazofuta mvumo. Kwaya ikaamua: tununue tatu, moja kwa kila gitaa. Fedha zilikuwapo. Zilikuwa fedha za mawese. Wanakwaya wana shamba la michikichi, na msimu mzima walikuwa wamekata mikungu, wamekamua na kuuza madebe. Basi mama mhazini akaja darasani na daftari lake la hesabu, akasema:

"Mwalimu, fedha ni hizi. Lakini kabla sijazitoa, nieleze kitu chenyewe ni nini. Mimi pikapu ninayoijua inapakia dagaa kule Kibirizi."

Watu wakacheka. Mimi nikaona swali hilo lina maana kuliko majibu mengi. Sikuwa na jibu kamili. Tukamwita fundi redio, tukakaa naye jioni tatu, gitaa likiwa mezani. Haya ndiyo tuliyojifunza.

PIKAPU YA GITAA NI NINI?

Gitaa kavu lina tumbo. Ukipiga uzi, tumbo linaikuza sauti. Gitaa la umeme mara nyingi halina tumbo. Ni ubao mzima. Ukilipiga bila amplifaya, aliyekaa nyuma ya chumba hasikii kitu. Kinachozisikiliza nyuzi ni kile kisanduku chembamba kilicho chini yake. Hicho ndicho pikapu.

Ndani ya pikapu mna vitu viwili vikubwa: sumaku na koili. Koili ni waya wa shaba mwembamba kama unywele, uliozungushwa mara nyingi sana. Katika pikapu nyingi za koili moja waya huzungushwa mara 8,000 hivi. Sumaku huufanya uzi wa chuma nao uwe na usumaku kidogo. Uzi unapotikisika, nguvu ya sumaku inayopita katika koili hubadilika. Na kila inapobadilika, umeme mdogo huzaliwa ndani ya ule waya. Umeme huo mdogo ndio unaokwenda kwenye amplifaya, ukakuzwa, ukawa sauti.

Jambo hili liligunduliwa na Mwingereza Michael Faraday mwaka 1831, miaka 100 hivi kabla ya gitaa la umeme. Wewe mwenyewe umeliona. Dainamo ya baiskeli ina sumaku na koili. Gurudumu likizunguka, taa inawaka. Pikapu ni ndugu yake dainamo, ila yenyewe inaendeshwa na uzi.

Sasa utaelewa kwa nini uzi wa gitaa la umeme lazima uwe wa chuma. Uzi uliokatika ukitia waya wa breki ya baiskeli, utasikika, hata kama hautapendeza. Ukitia mshipi wa kuvulia, utatikisika vizuri lakini amplifaya itakaa kimya. Mshipi hauna chuma.

MVUMO UNATOKA WAPI?

Umeme wa nyumbani hauendi upande mmoja tu. Unakwenda na kurudi, mara 50 kwa kila sekunde. Uwe wa jenereta la dizeli, kama tulivyotumia Kigoma kwa miaka mingi, au uwe wa gridi, hesabu ni hiyo hiyo. Kila waya na kila transfoma inayopitisha umeme huo imezungukwa na nguvu ya sumaku inayokwenda na kurudi pia. Hata amplifaya yenyewe ina transfoma ndani.

Sasa koili haina akili ya kuchagua. Ikiguswa na nguvu ya sumaku inayobadilika, inazaa umeme. Haiulizi kama mabadiliko hayo yametoka kwenye uzi au kwenye transfoma. Kwa hiyo inapeleka vyote viwili: wimbo na mvumo.

KOILI MBILI ZINAFUTAJE MVUMO?

Mwaka 1955 fundi mmoja wa Marekani, Seth Lover, aliyefanya kazi katika kiwanda cha magitaa cha Gibson, alitengeneza pikapu yenye koili mbili. Magitaa yenye pikapu hizo yalianza kuuzwa mwaka 1957. Hata leo kiini cha pikapu nyingi za kufuta mvumo ni kile kile.

Fikiri hivi. Koili ya pili imeunganishwa kinyume cha ya kwanza. Mvumo unapokuja kutoka nje, unazipiga koili zote mbili kwa pamoja. Koili ya kwanza inasema +3. Ya pili, kwa kuwa imeunganishwa kinyume, inasema -3. Jumlisha. Jibu ni 0. Ni kama mtu mwenye akiba ya shilingi 3 na deni la shilingi 3.

Hapo mwanakisomo mmoja, dereva wa bodaboda, akauliza: "Kama ni hivyo, mbona wimbo nao haufutiki?" Fundi akafurahi. Akavua shati lake la kazi, akaligeuza. Mishono ikaonekana nje. Akaligeuza tena. Likarudi sawasawa. "Ndivyo ilivyo," akasema. Sumaku ya koili ya pili nayo imegeuzwa: upande wa kaskazini umekuwa kusini. Sauti ya uzi inategemea sumaku hiyo. Kwa hiyo inageuzwa mara moja na sumaku, mara ya pili na waya, ikarudi sawa. Koili ya kwanza inasema +5, ya pili nayo +5. Jumla ni 10. Mvumo kutoka nje hautegemei sumaku ya pikapu, kwa hiyo unageuzwa mara moja tu, ukafutika.

Kwa kweli mvumo haupungui hadi 0 kabisa, maana koili mbili hazilingani kama mapacha. Lakini unapungua sana.

USINUNUE KABLA HUJAPIMA

Hapa ndipo kwaya yetu ilipookoa fedha zake. Iko mivumo ya aina nyingi, na pikapu ya koili mbili inafuta aina moja tu: ule unaoingia kwa njia ya koili. Mingine haiigusi.

Kwanza kabisa, fundi hakugusa gitaa. Alichomoa plagi ya amplifaya, akaifungua. Ndani mlikuwa na waya mbili zilizofungwa. Ya tatu, ya ethi, yenye rangi ya kijani na njano, ilikuwa imekatwa fupi na kuachwa. Aliyeifunga plagi hiyo hatumjui. Amplifaya ilinunuliwa ikiwa imetumika.

Mzee mmoja wa kwaya akasema amewahi kusikia kwamba ukikata ethi mvumo unapungua. Fundi akakubali kwamba kuna wakati unapungua. Kama amplifaya mbili zimechomekwa mahali tofauti na zimeunganishwa kwa waya wa sauti, umeme kidogo unaweza kuzunguka kati ya ethi zao na kuleta mvumo. Lakini dawa yake ni kuchomeka zote mbili mahali pamoja. Kukata ethi si dawa. Ni kujichimbia kaburi.

Ndugu msomaji, naomba usome sehemu hii polepole. Nyuzi za gitaa, katika magitaa mengi, zimeunganishwa kwa waya mpaka kwenye mwili wa chuma wa amplifaya. Ethi ikiwapo, na umeme ukivuja ndani ya amplifaya, unakimbilia ardhini na fyuzi inakatika. Ethi isipokuwapo, umeme huo unakaa kwenye chuma, na nyuzi za gitaa nazo zinakuwa na umeme wa volti 230. Mpigaji anaweza kukaa muda mrefu asijue. Siku anapogusa maikrofoni yenye ethi nzuri, umeme unapata njia. Njia hiyo ni kifua chake. Tarehe 3 Mei mwaka 1972, mpiga gitaa Les Harvey alikufa hivyo jukwaani katika mji wa Swansea, Wales, kwa kugusa maikrofoni ambayo haikuwa na ethi nzuri huku ameshika gitaa lake. Yeye maikrofoni ndiyo ilikuwa mbovu. Kwa kwaya yetu ingekuwa amplifaya.

Mama mhazini akauliza: "Kwa hiyo tulikuwa tunaimba na kifo?" Hakuna aliyejibu. Fundi akaifunga waya ya tatu, kisha akapima soketi ya ukutani kama nayo ina ethi ya kweli, maana plagi yenye waya tatu haisaidii kitu kama ukuta una mbili.

Baada ya hapo ndipo tukapima mvumo. Vipimo hivi unaweza kuvifanya mwenyewe.

Chomeka gitaa, fungua amplifaya kama siku ya ibada, halafu punguza nobu ya volyumu ya gitaa hadi sifuri. Mvumo ukibaki vile vile, hautoki kwenye pikapu. Tazama amplifaya na waya wa gitaa. Hata ukinunua pikapu ya dhahabu, mvumo huo utabaki. Ukinyamaza, endelea.

Ongeza volyumu mpaka mwisho, usiguse nyuzi, halafu simama na gitaa na ujigeuze polepole, kama unavyoigeuza redio ndogo ukitafuta stesheni isikike vizuri. Mvumo ukipanda ukiwa umetazama upande mmoja na kushuka ukiwa umetazama upande mwingine, ujue unaingia kwenye koili. Sogea mbali na amplifaya pia. Ukishuka, jibu ni hilo hilo. Mvumo wa namna hii ndio pikapu ya koili mbili inaoufuta.

Zima taa za kubana umeme na uchomoe chaja za simu, moja moja. Ukisikia mlio mwembamba wa kukwaruza, kama nzi ndani ya chupa, na ukatoweka taa ilipozimwa, hapo tatizo ni taa au chaja. Kama unatumia umeme wa jua, inveta za bei nafuu nazo huleta mlio huo. Hapa fundi alisema kuna dawa ya bei ndogo: kulifunika ndani tundu la pikapu kwa karatasi ya shaba au ya alumini, na kuiunganisha karatasi hiyo na waya wa ethi wa gitaa. Karatasi isiguse waya unaobeba sauti, la sivyo gitaa litakuwa bubu.

Tena, gusa nyuzi. Mvumo ukishuka kidogo unapogusa, ni kawaida. Ukipanda, waya unaounganisha daraja la nyuzi na ethi umekatika au umefungwa vibaya. Lakini kipimo hiki kifanye baada ya fundi kuthibitisha ethi ya amplifaya. Si kabla.

MATOKEO YA KWAYA YETU

Besi halikuwa na kosa. Ethi ilipofungwa, lilinyamaza. Tulipolitazama tukaona pikapu yake imekatwa vipande viwili: kipande kimoja chini ya nyuzi mbili nene, kingine chini ya nyuzi mbili nyembamba. Mtindo huu ulianzishwa na kiwanda cha Fender mwaka 1957, na tayari unafuta mvumo, kwa kuwa vipande hivyo ni koili mbili zilizounganishwa kinyume. Yaani kwaya ilitaka kununua kitu ilichokuwa nacho.

Rithimu lilikuwa na pikapu tatu za koili moja, na swichi yenye nafasi tano. Lilivuma katika nafasi ya 1, ya 3 na ya 5. Katika nafasi ya 2 na ya 4 lilinyamaza. Sababu ni kwamba nafasi hizo zinaunganisha pikapu mbili, na katika magitaa mengi ya siku hizi pikapu ya katikati imegeuzwa sumaku na waya. Pikapu mbili za koili moja zinakuwa kama pikapu moja ya koili mbili. Magitaa ya zamani mengi hayako hivyo, kwa hiyo jaribu lako usikie. Mpigaji wa rithimu akasema nafasi ya 2 inamtosha. Hata sauti yake anaipenda. Hakuna fedha iliyotoka.

Likabaki solo. Lilivuma, na ulipogeuka nalo lilipanda na kushuka. Hilo ndilo lililohitaji pikapu, na ni ile ya karibu na daraja tu, ambayo mpigaji anaitumia karibu wakati wote.

Kutoka pikapu tatu tukafika moja.

JINSI YA KUCHAGUA

Kwaya nyingine, ambayo sitaitaja, ilinunua kwa picha ya simu na kwa jina la kiwanda. Pikapu ilipofika ilikuwa pana mara mbili ya tundu la gitaa. Wakaanza kuchonga ubao kwa patasi. Gitaa lile sasa lina shimo, na ile pikapu inacheza ndani yake kama jino bovu. Kwa hiyo anza na rula, rula ya kawaida ya shule.

Pikapu ya koili moja ya aina iliyozoeleka ina kifuniko cha karibu milimita 70 kwa 18. Pikapu pana ya koili mbili ina karibu milimita 70 kwa 38. Pima ya kwako. Kata karatasi yenye vipimo hivyo, uiweke juu ya gitaa, uone. Pima pia kina cha tundu kwa njiti ya kiberiti, maana pikapu nyingine ni ndefu kwenda chini. Mwisho pima kutoka uzi wa kwanza hadi wa sita pale pale juu ya pikapu. Karibu na daraja nyuzi zimeachana zaidi, karibu milimita 52. Karibu na shingo ni karibu 50. Vichwa vya sumaku visipokaa chini ya nyuzi zake, uzi wa pembeni utasikika kwa mbali. Ziko pikapu zenye bapa moja refu la chuma badala ya vichwa sita. Hizo hazisumbui kwa jambo hili.

Kama tundu lako ni jembamba, una njia mbili. Iko pikapu yenye koili mbili nyembamba zilizolala sambamba kama reli pale stesheni ya Kigoma. Na iko yenye koili moja juu ya nyingine. Fundi aliiita pikapu ya ghorofa. Zote mbili zinaingia katika tundu la koili moja bila patasi, ila ya ghorofa huenda ikahitaji kina zaidi.

Sauti zao hazifanani. Ya reli kwa kawaida ni nzito na ya nguvu. Ya ghorofa ni nyembamba na safi, maana koili ya juu ndiyo inayozisikia nyuzi zaidi, na ya chini kazi yake kubwa ni kukamata mvumo ili ufutwe. Mpigaji wetu wa solo, kijana, alitaka ya reli kwa kuwa ina nguvu. Mimi nilimpinga, na bado nampinga. Solo la kwaya zetu linachambua juu, noti moja moja, kama solo za Tabora Jazz na za bendi za ng'ambo ya ziwa. Sauti nzito inazimeza noti hizo na kuwafunika waimbaji. Mtu anayepiga muziki wa kuunguruma na achukue ya reli. Walipiga kura. Ghorofa ilishinda kwa kura mbili tu.

Wauzaji watakutajia omu. Hicho ni kipimo cha jinsi waya unavyouzuia umeme. Pikapu nyingi za koili moja zina omu kama 6,000 hivi, na nyingi za koili mbili omu 7,000 hadi 9,000. Usidhani namba kubwa ndiyo bora. Waya mwembamba zaidi huongeza omu bila kuongeza uzuri. Tena pikapu moja ikiwa na sauti kubwa mno kuliko wenzake, mpigaji atakuwa akikimbilia nobu katikati ya wimbo.

Ziko pikapu zinazohitaji betri ya volti 9. Nazo zinanyamaza vizuri, lakini betri ikifa wakati wa kuimba, gitaa linakufa nalo. Kwaya inayosafiri vijijini ifikiri mara mbili.

Chagua pikapu yenye waya nne za rangi na ya tano iliyo wazi ya ethi. Sababu ni hii: ukiifunga kinyume na pikapu nyingine za gitaa lako, kila moja itasikika vizuri peke yake, lakini ukizifungua mbili pamoja sauti itakuwa nyembamba, kama mtu anayesemea puani. Ukiwa na waya nne, fundi atabadilisha mbili na kosa limekwisha. Rangi za waya hutofautiana kiwanda kwa kiwanda. Ile karatasi iliyo ndani ya boksi usiitupe.

Jihadhari pia na kifuniko. Ziko pikapu pana kwa nje ambazo ndani mna koili moja tu. Kama ni pana, tumia dira ndogo: ipitishe juu ya safu ya kwanza ya vichwa, kisha ya pili. Safu moja ikivuta ncha ya kaskazini ya mshale, nyingine inapaswa kuvuta ncha ya kusini. Usipime kwa sumaku kubwa ya spika, unaweza kuidhoofisha ile ya pikapu. Pikapu ya ghorofa haipimiki kwa dira. Ipime kwa mita ya fundi: waya nne zitatoa koili mbili, na kila koili ina omu zake.

SIKU YA KUFUNGA

Pikapu iliagizwa Dar es Salaam. Ilipofika, mama mhazini alikuja na rula yake mwenyewe. Akapima kabla ya kusaini. Fundi alipiga picha nyaya za zamani kwa simu kabla ya kuzifungua, akachomea mpya kwa risasi, akaipandisha pikapu mpaka ikabaki nafasi ya milimita 3 hivi chini ya nyuzi. Ukiikaribisha mno, sumaku huvuta uzi na tuni inakuwa ya uongo. Pikapu ya zamani ikafungwa kwenye karatasi na kuwekwa. Si mbovu, inaweza kuhitajika.

Walipowasha, kijana wa solo alidhani waya haujachomekwa. Akagusa uzi, akaruka.

Fedha zilizobaki zilinunua plagi mpya tatu, waya mbili za gitaa, na fimbo ya shaba ya ethi kwa ajili ya jengo.

MASWALI YA KIKUNDI

1. Kwa nini mshipi wa kuvulia hausikiki kwenye gitaa la umeme, na waya wa breki unasikika?

2. Umepunguza volyumu ya gitaa hadi sifuri, na mvumo uko pale pale. Je, ununue pikapu? Utatazama wapi kwanza?

3. Koili ya kwanza ina omu 3,900 na ya pili omu 4,000. Zimeunganishwa moja baada ya nyingine. Mita itaonyesha omu ngapi kwa jumla?

4. Mwombeni mwenye amplifaya, katika kanisa, bendi au shule ya mtaa wenu, aichomoe, na fundi aifungue plagi mbele yenu. Hesabuni waya. Andikeni mlichokiona, na tarehe.